Koti la Baba na Picha ya Kifua

Tangu turudi kutoka Biharamulo mmekuwa mkinisimamisha njiani, mkinifuata karakana, wengine mkimletea mke wangu salamu zenye swali ndani yake: vipi, mmefaulu? Nami nimekuwa nikijibu "tunasubiri," halafu nageuza maneno tuzungumzie mvua. Najua baadhi yenu mmeudhika. Katekista wetu aliniambia wazi kwamba nimeanza kuringa hata kabla sijapanda ndege. Haikuwa kuringa. Palikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo sasa imeondoka, kwa hiyo naandika mara moja ili nisirudie habari hii kwa kila mtu. Mtakaosoma, wasimulieni wasiosoma.

Kwa ajili ya wageni wa hapa kwetu, mimi ni Gervas, fundi wa mitambo. Tangu wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda nilikuwa nikitengeneza jenereta na pampu za maji kambini Benaco, na Wanyarwanda walipoondoka nikaendelea kwenye kambi za Warundi. Huko nilifanya kazi na mafundi wa kigeni. Mmoja wao aliporudi kwao alinitafutia nafasi katika karakana ya matrekta. Nchi yao inapokea mafundi wenye ujuzi pamoja na familia zao, wakakae huko moja kwa moja. Habari za fomu na ada nawasamehe. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya na daktari aliyeteuliwa na nchi ile, mimi na mke wangu Leokadia, wote wawili. Akikwama mmoja, tumekwama wote.

Daktari mwenyewe ni wa Mwanza, lakini wakati ule alikuwa Biharamulo akiwapima wakimbizi waliokubaliwa kwenda kuishi ng'ambo, akakubali kutuona na sisi. Angeondoka Ijumaa jioni. Sisi tulitoka nyumbani Jumatano asubuhi, tukijua kwamba siku moja inatosha na ya pili ni ya akiba.

Bukiriro hadi Ngara mjini

Lazima nianze na baba yangu. Wengi mnamjua, ndiye yule mzee mwembamba wa kofia ya sufu. Aliposikia neno kupimwa, alielewa jambo moja tu. Alipokuwa kijana walikuja watu wa mashamba ya mkonge kutafuta manamba. Vijana wa huku walipangwa mstari wakapandishwa kwenye mizani. Wenye uzito walipewa blanketi na kupakiwa kwenye lori, wepesi wakarudishwa. Baba alirudishwa. Alikuja nyumbani kwa miguu bila blanketi, na baada ya mavuno ya mwaka ule akamwoa mama. Amesimulia habari hiyo mara nyingi mno, hata mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimmalizia.

Nilimweleza kwamba siku hizi wanapima kifua, damu na mkojo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na uzito?" akauliza.

"Uzito nao wanaandika, baba."

"Basi," akasema. "Kureni."

Yaani kuleni, maana L zote za baba ni R. Tukalishwa. Asubuhi uji wa mtama, mchana ndizi na maharage, jioni ugali mkubwa, na katikati karanga. Mimi nilikula kama mtu aliyeajiriwa kula. Leokadia alikuwa akionja tu na kusukuma sahani, na baba alikuwa akiitazama sahani ile kwa huzuni. Mnajua kwamba mimi na Leokadia tumeoana miaka kadhaa sasa na kwamba mara mbili mimba imetoka. Mnajua kwa sababu mara zote mbili habari ilikuwa imeshaenea kanisani na kisimani, watu wameshatupa hongera na majina wameshachagua, halafu ikabidi tupite nyumba kwa nyumba tukipokea pole. Siandiki hili kwa kulalamika. Naliandika kwa sababu lina kazi yake mbele.

Asubuhi ya safari baba alinivalisha koti lake la sufu, lile alilolipata wakati wa mitumba ya Benaco. Nikamwambia Biharamulo hakuna baridi.

"Porini kuna baridi," akasema. "Na ukifika usirivue."

Koti lilikuwa zito. Nikadhani sufu ya zamani ndivyo ilivyo.

Tulipanda pikapu ya mnunuzi wa maharage. Kwenye mteremko wa kwanza Leokadia akagonga bodi, gari likasimama, akashuka kutapika. Dereva akasema ni harufu ya petroli. Kwenye mteremko wa pili akashuka tena, na dereva akasema ni kona. Abiria mmoja akasema ni woga wa ndege. Mimi nilikubaliana na wote kwa zamu.

Ngara mjini tulitegemea kupita tu, lakini shangazi yangu alikuwa ameshasikia kwamba tunaondoka. Alichosikia ni kwamba tunaondoka kabisa. Tulipofika kwake tukakuta majirani wamekaa barazani, kuku amechinjwa na shangazi analia. Nikamwambia, "Shangazi, tunakwenda Biharamulo kupimwa na kurudi." Akaniangalia, kisha akaendelea kulia kwa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa machozi yalikuwa yameshaanza na kuku alikuwa ameshaiva. Kuondoka bila kula kusingewezekana. Tukala, tukaombewa na wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, na wa pili alikuwa hana haraka. Gari tuliloahidiwa likaondoka bila sisi. Siku yetu ya akiba ilianza kuliwa hapo, pamoja na kuku yule.

Ngara hadi Benaco

Tulilala kwa shangazi, na Alhamisi asubuhi tukapata gari la kwenda Benaco. Kipande hiki ni kifupi na sina mengi ya kusimulia. Pale njia panda tulikaa kwenye magogo tukingoja basi linalotoka Rusumo, kwa sababu mabasi na malori yalikuwa hayaruhusiwi kupita porini peke yake, kwa ajili ya majambazi. Yalikusanyika, polisi wakatangulia na wengine wakafuata nyuma, ndipo msafara ukaenda. Sote tuliuita eskoti.

Nilimwonyesha Leokadia mahali nilipokuwa nimefunga pampu ya kwanza. Limebaki zege lenye boliti nne. Mnakumbuka ule mlima ulivyokuwa, mabanda ya plastiki ya buluu hadi macho yanachoka, moshi asubuhi yote, na mstari wa ndoo. Sasa palikuwa na majani, visiki vya miti iliyokatwa kuni, na ng'ombe wa mtu. Nilitegemea ningesikia kitu moyoni, sikusikia. Nilijaribu boliti moja kwa mkono nikaona bado imekaza.

Leokadia hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshika tumbo na kutazama barabara.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Kuku wa shangazi," akasema.

Benaco hadi Lusahunga

Basi lilikuja, msafara ukapangwa, tukaingia porini. Kama ilivyo kawaida ya kipande kile, kila abiria alitazama majani ya pembeni. Hakuna majambazi waliotokea. Matata yetu yalitungoja mbele, kwenye kizuizi cha Lusahunga.

Pale Lusahunga abiria wote hushuka kukaguliwa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyenisemesha kwa Kirundi, nami nikamjibu kwa Kihangaza, kama tunavyofanya siku zote, maana tunasikilizana bila shida. Askari kijana alikuwa nyuma yetu.

"Wewe unatoka kambi gani?"

"Sitoki kambini, afande. Mimi Mhangaza, natoka Bukiriro."

"Kila mmoja hapa ni Mhangaza," akasema. "Kibali cha kutoka kambini kiko wapi?"

Nikamwonyesha pasipoti. Ilikuwa mpya, na upya huo ndio ulioongeza mashaka. Akaanza kunipapasa, na alipofika kwenye pindo la koti mkono wake ukasimama. Akapapasa tena. Akaniambia nivue. Koti lilipotua juu ya meza lilitoa sauti ya chuma, na watu waliokuwa karibu nami wakasogea. Hata yule mama wa Kirundi akasogea.

Alichana pindo kwa wembe. Vikatoka vipande vya mabomba ya chuma, vinene, vifupi, vinang'aa kwa mafuta, kimoja baada ya kingine, mpaka meza ikajaa.

"Hii ni mitutu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mimi nilivitambua mara moja. Zilikuwa pini za pistoni, zile zinazoishikilia pistoni kwenye mkono wake ndani ya injini. Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimeziweka kwenye debe nyuma ya nyumba. Nikaeleza hivyo.

"Na kwa nini umezishona kwenye koti?"

"Sikuzishona mimi, afande."

Jibu hilo halikunisaidia. Nilikalishwa chini ukutani, Leokadia pembeni yangu, na askari akaenda kumwita mkubwa wake. Basi letu likapiga honi mara mbili. Msafara wa kwenda Biharamulo ulikuwa unapangwa, ukaondoka, na basi likaondoka nao. Niliogopa, nasema kweli. Miaka ile mtu mwenye vyuma visivyoelezeka na lugha kama yetu hakuwa na wa kumtetea. Na niliona wazi kwamba safari yetu ya ng'ambo inaishia pale ukutani.

Sajenti alikuja akitafuna muwa. Alikuwa mtu mzima, mwenye tumbo. Akanyanyua pini moja, akaitazama, akanitazama. Kabla sijafungua mdomo Leokadia akasema:

"Shikamoo, afande. Ni baba mkwe wangu. Tunakwenda kupimwa na daktari ili tupate kwenda kazi nje. Anaogopa mume wangu atarudishwa kwa wepesi."

"Kwenye mizani?" akauliza sajenti.

"Kwenye mizani."

Sajenti aliacha kutafuna. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka akakaa juu ya meza katikati ya vyuma vyangu.

"Mimi Muha wa Kasulu," akamwambia yule kijana. "Babu yangu alipokwenda mkonge ndugu zake walimnywesha maji mpaka tumbo likawa ngoma. Akapanda mizani, akapita. Akashuka, akajikojolea mbele ya bwana mkubwa." Akafuta macho. "Mrudishie huyu mtu mizigo yake. Na wewe, fundi, mwambie mzee siku hizi wanavua watu nguo."

Hata yule askari kijana akacheka mwishowe, ila alibaki na pini moja mkononi kwa muda, kama mtu ambaye bado angependa iwe mtutu.

Lusahunga

Eskoti nyingine ilikuwa ya kesho yake. Tukatafuta pa kulala, na kabla ya giza kuingia tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja wa asili ya Rwanda aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori. Wanamwita Mama Neema. Alinipa wali na maharage. Leokadia alipoona sufuria likifunuliwa akageuza uso. Mama Neema alimtazama mara moja, akafunika sufuria, asiulize kitu. Akamletea uji mwepesi wenye ndimu, kisha akatoa kwenye pindo la kanga yake bonge la udongo wa kula na kulitia mkononi mwake. Leokadia akalimega na kulitafuna kwa hamu ambayo sikuiona wiki nzima ya vyakula vya baba.

"Huo wa nini?" nikauliza.

"Wa tumbo," akasema Leokadia.

"Wa tumbo," akakubali Mama Neema, akaenda zake.

Nami nikaridhika. Mtanicheka, na mna haki.

Akili yangu ilikuwa kwenye kifua changu mwenyewe. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akila karibu nasi aliniambia kwamba binamu yake alikataliwa kwa sababu ya kovu kwenye pafu. Hakuwa mgonjwa, alisema, lakini picha ilionyesha alama, wakamrudisha kutoa makohozi, akasubiri, mpaka nafasi ikapita. Mimi nilikuwa nimepumua moshi wa dizeli na vumbi la kambi miaka yote ile, kati ya watu wanaokohoa. Nilikuwa na hakika kwamba kama kuna wa kutukwamisha, ni mimi. Nilijaribu kuvuta pumzi ndefu kusikia kama kuna kitu kinakwaruza. Leokadia aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia napima hewa ya Lusahunga.

Lusahunga hadi Biharamulo

Ijumaa tulipata nafasi kwenye lori la chumvi. Leokadia alikaa mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia, koti mgongoni, pini mifukoni maana pindo lilikuwa limechanika. Lori lilipasua gurudumu ndani ya pori, na msafara wote ukasimama kutungoja, askari wakitazama miti na madereva wengine wakitutukana kwa lugha zao. Nikashuka kusaidia. Jeki yao ilikuwa mbovu na nikaitengeneza kwa kutumia pini mbili za koti la baba. Kwa hiyo koti lile lilitukwamisha siku moja na kutukwamua siku nyingine, na ukipiga hesabu hatudaiani.

Hospitalini tulifika mchana. Daktari alikuwa bado yupo, lakini karani wa mlangoni alipotusikia tukisemezana akatuweka kwenye mstari wa wakimbizi. Sikubishana, mstari ulikuwa ukienda kwa daktari yuleyule. Mzee mmoja wa Burundi aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kwa lugha ya kwao natoka kambi gani.

"Bukiriro," nikamjibu.

"Kambi hiyo siijui."

"Siyo kambi. Ndiko kwetu."

Aligeuka kunitazama vizuri. "Kwenu? Bado pana nyumba?"

"Ipo."

"Na wazazi?"

"Baba yupo."

Mstari ukasogea, akasogea nao. "Basi unakwenda kutafuta nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nikaanza kumweleza habari za matrekta na mshahara na watoto tutakaowasomesha, na nilipokuwa bado naeleza wakamwita jina lake akaingia.

Chumba cha picha

Mizani ilikuwa kwenye korido, ndogo, ya kukanyaga. Muuguzi akaniambia nivue koti. Nikavua. Nikapanda, akaandika, nikashuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na hakuna aliyetazama uzito wangu mara ya pili. Wakachukua damu, mkojo, wakatutazama macho na masikio. Kisha picha ya kifua. Niliingia mimi kwanza, nikabana kidevu juu ya ubao wa baridi, nikaambiwa nisipumue, nikaambiwa nipumue, basi.

Nilipotoka, mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni na Leokadia. Alimwuliza swali ambalo anamwuliza kila mwanamke kabla ya kuingia, bila kumtazama, kalamu mkononi.

"Mimba ipo au haipo?"

Nilikuwa nafunga vifungo vya shati. Leokadia hakunitazama mimi, alitazama mlango.

"Ipo," akasema.

Daktari aliitwa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu, aliyechoka. Akatuketisha. "Kuna njia mbili," akamwambia Leokadia. "Tunaweza kukufunika tumbo tukapiga picha ya kifua tu. Hatari yake ni ndogo. Sisemi hakuna, nasema ni ndogo. Au tusubiri ujifungue, kisha mrudi na mtoto, maana mtoto naye atapimwa. Mpaka siku hiyo faili lenu litalala. Ni uamuzi wako, mama. Hakuna wa kukulazimisha hapa."

Mpiga picha akaleta kile cha kufunikia tumbo. Ilikuwa aproni nene, yenye madini ya risasi ndani, akaibeba kwa mikono miwili. Leokadia akaipima kwa kiganja, akairudisha.

"Nimeshaona nguo za vyuma za kutosha wiki hii," akasema. "Naomba nitoke nje kidogo."

Tukakaa kwenye benchi chini ya ukuta. Nilikasirika. Sioni sababu ya kuwaficha. Nilikasirika kwa kuwa nilikuwa nimepita miezi ya fomu, kizuizi, ukuta wa polisi na pori, na kumbe kilichotukwamisha kilikuwa nasi tangu nyumbani, na mimi peke yangu nilikuwa sikijui.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Ungeona mwenyewe."

"Ningeonaje?"

"Gervas," akasema, "wewe ukisikia injini inakohoa ng'ambo ya mto unajua ugonjwa wake. Mimi nimetapika kutoka Bukiriro mpaka hapa."

Akaendelea, akitazama chini. "Mara zile mbili tulisema mapema. Ya kwanza nilimwambia mama yangu tu, ya pili nilikuambia wewe tu, na wiki haikuisha kila mtu akajua. Mara hii nilitaka ikae kwangu mpaka ikomae. Nilifikiri tutapimwa, tutapita, hakuna atakayeuliza. Sikujua mlango ule una swali."

"Ungemwambia haipo."

"Nilitaka kumwambia. Mdomo ukakataa."

Nikamuuliza kuhusu kazi. Karakana ile haitaningoja milele, nikamwambia. Rafiki yangu amenisemea kwa shida. Kifua kinapigwa picha dakika moja, na daktari amesema hatari ni ndogo. Nilisema yote hayo kwa sauti ya upole, na nilikuwa nayataka yote.

"Kazi ikipotea, imepotea," akasema Leokadia. "Hii ikipotea, sina nguvu za mara ya tatu."

Wakimbizi walikuwa wakiendelea kuingia na kutoka. Yule mzee wa Burundi alitoka akifunga mkanda, akatuona, akatupungia mkono. Nilimtazama mpaka akapotea getini. Halafu hasira iliisha. Sijui kwa nini iliisha wakati ule na si kabla, lakini iliisha, na pale ilipokuwa nikajikuta nimeogopa na kufurahi kwa pamoja. Nikaingia ndani nikamwambia daktari tutasubiri.

Alikuwa ameinua picha yangu kwenye mwanga. "Kifua chako ni kisafi," akasema bila kugeuka. "Safi kabisa. Ila mkichelewa majibu haya yatapitwa na muda, utapimwa upya pamoja nao."

Kwa hiyo mnaouliza kama nilifaulu, nilifaulu. Nikafaulu na kurudishwa.

Biharamulo hadi nyumbani

Kurudi hakukuwa na kisa. Lusahunga, Mama Neema alituona kwa mbali akatoa udongo kabla hatujasalimiana. Kizuizini sajenti hakuwepo, lakini yule askari kijana alinitambua, akanipapasa koti na kucheka. Kwa shangazi tulipita bila kusimama, kwa kujificha kidogo.

Baba alikuwa amekaa uani. Alinitazama nikishuka na koti limening'inia mkononi, pindo wazi.

"Wamekurudisha," akasema.

"Wamenirudisha, baba."

"Urivua koti."

"Walinivua."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anaogopa hilo tangu mwanzo. Hakuuliza zaidi. Jioni ile alichukua sindano ya magunia akashona pindo, na vyuma vyote akavirudisha ndani, isipokuwa viwili vilivyobaki kwenye lori la chumvi. Wala sisi hatukumweleza habari ya mimba. Hatukumweleza mtu yeyote. Mliponiuliza nikasema tunasubiri, na ilikuwa kweli tupu. Leokadia alifunga kanga juu juu, akaenda shamba, akaimba kwaya safu ya nyuma, nami kila asubuhi nilikuwa nikiamka na kusikiliza kama Leokadia yu salama kabla ya kufungua macho. Baba hakuuliza. Ila nilianza kuona kwamba sahani ya Leokadia anaijaza yeye mwenyewe, na kwamba anamtafutia udongo sokoni, akisema ni wa kukandika.

Mtoto amezaliwa. Ni msichana. Wiki iliyopita tumemtoa nje, ameonyeshwa jua na watu, jina amepewa, ni Devota. Leokadia sasa ni Mama Devota, na asiyemwita hivyo haitikiwi. Rafiki yangu wa ng'ambo amenijulisha kwamba karakana bado inaniwekea nafasi mpaka msimu wao wa kulima, na daktari atakuwa Biharamulo tena mvua zikiisha. Kwa hiyo tutakwenda, watatu. Hilo ndilo jibu lenu.

Juzi tulimpeleka Devota zahanati. Baba akasema naye anakuja, akavaa lile koti, jua la saa nne likiwaka. Mnazijua zile mizani za kliniki, mtoto anatiwa kwenye kikapu cha kitambaa na kuning'inizwa kwenye ndoano. Devota alining'inia akirusha miguu na kupiga kelele. Baba alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa mshale.

"Kiro ngapi?" akamwuliza muuguzi.

Muuguzi akamtajia, akasema ni nzuri sana kwa umri wake. Baba akauliza kama ana hakika. Muuguzi akasema ana hakika, mzee, na hana nguo hata moja. Baba alisimama pale akitazama mshale ukitetemeka. Nilitegemea atacheka, kwa sababu ndiyo siku aliyoingojea maisha yake yote, mtu wa nyumba yake kupanda mizani na kupita.

"Huyu hawamrudishi," akasema.

Kisha akamtoa mwenyewe kwenye ndoano, akamfunika kwa ubavu wa koti, na njia nzima mpaka nyumbani hakumpa mtu mwingine ambebe.